Mawinchi Yanayoangalia Bahi

"Nenda kahesabu tena! Nenda, labda leo yamezaa!"

Erica alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na mwiko wenyewe mkavu.

"Punguza sauti, Mama Seth, wapangaji wanasikia," mwanangu Sila akasema.

"Wasikie! Si ndio walewale waliokuwa wakikuita Bwana Winchi? Waambie watoto wa Bwana Winchi tangu jana wanalamba mlenda bila ugali."

"Yalikuwa yanazunguka, Erica. Haki ya Mungu. Yote manne."

"Hata karatasi inazunguka ukiipulizia!"

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, natoa mawe kwenye choroko zisizojaa kiganja. Ugomvi wa mwanangu na mkewe naupenda kama ubuyu, na huwa nauongezea chumvi yangu. Siku ile nilinyamaza. Nilikuwa na sababu.

Sila alipunguzwa kazi kiwandani miaka ile ya ubinafsishaji, miaka ambayo ukipiga chafya tu karani anakuandikia barua ya kwaheri. Akabaki na mikono yake na ujuzi kidogo wa kusuka nondo. Bahati nzuri mji wetu wa Dodoma ulikuwa unajengwa. Maghorofa yalianza kuota, na juu ya kila ghorofa likasimama winchi, lile dude la chuma lenye shingo ndefu linaloinua zege mpaka mawinguni. Mimi kwa macho yangu nililiona moja likiinua na ng'ombe wa watu, likamtua ghorofa ya tano, na mpaka leo anakamuliwa hukohuko. Asiyeamini na anywe chai ya rangi.

Shida ya vibarua ilikuwa kujua waende wapi. Mtu anatoka mtaani kwetu Majengo kwa miguu, anafika kwenye ujenzi, anakuta hapana kazi, na siku imekwisha kumfia. Ndipo Sila akabuni yake. Kila kukipambazuka anapanda kwenye jabali lililo nyuma ya mtaa, anahesabu mawinchi. Linalozunguka lina kazi, lililotulia halina. Akishuka anawaambia wenzake, "Leo matatu. Lile la karibu na stesheni limelala, msijisumbue." Kuanzia Januari mpaka Juni hakukosea hata siku moja. Alikuwa akipita sokoni wauza mtama wanamsogezea kiti.

Erica wakati huo alikuwa kijijini Bahi, magharibi ya mji, na watoto wawili, analima jaruba la mpunga alilopewa na mjomba wake, Bartolomayo. Jaruba lenyewe la kando ya mfereji, maji yanaingia bila kubembelezwa. Tulikuwa tunakula wali wa Erica na kibarua cha Sila, na mimi nikaanza kunenepa mpaka majirani wakaniuliza nimeolewa na nani.

Halafu kikaja kipupwe na upepo wake. Usiucheze upepo wa Dodoma. Mwaka niliomzaa Sila ulininyakulia mbuzi mwenye mimba, ukamshusha Manyoni akiwa na vitoto viwili. Basi asubuhi moja ya Agosti Sila akanipandisha jabalini nikashuhudie. Mawinchi manne yanageuka kwa pamoja, taratibu, kama wazee wanaocheza ngoma.

"Mama, kazi imepamba moto!"

Nikatazama. Shingo zote nne zilikuwa zimeelekea upande mmoja, magharibi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo yote yanaangalia Bahi. Yanamwita mkeo."

Ulikuwa utani. Bibi wa umri wangu asipotania afanye nini, acheze mpira? Lakini Sila hakucheka. Alishuka akikimbia, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshatuma salamu kwa dereva wa lori: Erica, rudisha jaruba kwa mjomba, njoo na watoto, mji umekubali.

Jaruba la kupewa halina karatasi. Limetolewa kwa mdomo, na ukilirudisha kwa mdomo limerudi kwelikweli. Ukilitaka tena unaomba kama mgeni.

Erica alikuja. Kazi haikuja. Sila anahesabu manne, vibarua wanakimbilia, wanakuta lango limefungwa. Wakadhani kuna wenzao wanaowawahi, wakawa wanaondoka mapema zaidi, wanakuta lango lilelile. Hali ikaendelea hivyo mpaka Oktoba, mlinzi mmoja, Masudi, alipowahurumia.

"Jamani, mnafuata nini hapa? Majengo yote manne ni ya mkandarasi mmoja, naye amefungasha tangu Sabasaba."

"Mbona winchi linazunguka?"

"Mwendeshaji akishuka anaachia breki, upepo uligeuze unavyotaka. Likikazwa, upepo unaliangusha. Mule juu hamna mtu."

Vibarua hawakumpiga Sila. Afadhali wangempiga. Waliacha tu kumsalimia.

Tukauza kitanda, tukauza redio, kisha tukakosa cha kuuza. Mvua ya kwanza iliponyesha, Erica alituma ujumbe Bahi kuomba jaruba lake kabla halijapewa mtu mwingine. Mjomba akajibu kwamba atakuja mwenyewe Alhamisi. Siku ya ugomvi huu ndiyo Alhamisi yenyewe, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Akikataa je?" Sila akauliza.

"Akikataa nawapeleka watoto kwa mama yangu, huko nako hawana kitu, lakini angalau hawahesabu vyuma. Wewe baki na mawinchi yako, yakupikie."

"Sikukuita mimi peke yangu," Sila akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini.

"Nani mwingine?"

Hakunitaja. Mwanangu ana aibu ya kumtaja mama yake. Choroko zikanimwagika mapajani.

"Erica, mwanangu," nikasema, "siku ile jabalini mimi ndiye niliyemwambia kwamba..."

"Ulimwambia nini, mama?"

"Nilimwambia yanaku..."

"Hodi hapa."

Mjomba Bartolomayo aliingia akiinama, suruali imekunjwa, tope jeusi limemkaukia miguuni. Begani alikuwa na jembe la Erica, lile alilokuwa amemwazima jirani wa jarubani. Alilisimamisha ukutani polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mtu haleti jembe mjini wakati wa kupanda kama bado lina pa kulima.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo.

Erica akausimamisha mwiko ukutani, kando ya jembe.