Nitunze Nikimaliza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu ndipo moyo unaanza kunidunda. Ni siku ile kanga ya shangazi yangu ilipoingia uwanjani wakati mpira wa tenisi bado uko hewani. Wewe kesho kutwa unapanda basi kwenda Dar es Salaam kumtazama mdogo wako Sundi akicheza mashindano makubwa, na tangu asubuhi nakuona unachagua nguo za kupigia picha. Acha nguo kwanza. Kaa hapa dukani, wateja wa Nyasubi wakija watatukuta, nikueleze namna ya kwenda kutazama tenisi. Katika ukoo huu hakuna mwenye haki ya kulieleza jambo hilo kunizidi mimi, maana nilikaa kiti cha pembeni yake shangazi.

Mama yake Sundi, huyo mama yako mdogo Kabula, alijifunza tenisi kwenye shule ya masista kule Ushirombo. Sista mmoja mzee alikuwa amesawazisha kiwanja kwenye udongo mwekundu, akachora mistari kwa chokaa, na wavu wake ulikuwa ule wa kuvulia samaki, ulioletwa kutoka ziwani. Basi hapo ndipo mdogo wangu alipopata ugonjwa wa raketi. Akirudi likizo nyumbani Masumbwe anapiga mpira kwenye ukuta wa ghala la mpunga mpaka mama anashika kichwa.

Baba hakuupenda mchezo ule. Hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa neno moja. Mashindano makubwa ya vijana wa hapa na wa nchi jirani yalipoletwa Geita, na ikatangazwa kwamba msichana atakayeshinda atachukuliwa kwenda kusoma Arusha, kwenye shule yenye walimu wa tenisi, baba alimwita Kabula akamwambia, "Nenda ukacheze. Ukishinda, nitaamini ni kazi. Usiposhinda, raketi inabaki huko huko, unarudi nyumbani tulime." Kabula akapiga goti, akasema, "Sawa baba." Usiku ule hakula.

Sasa msikilize shangazi yangu Minza. Shangazi alikuwa kiongozi wa kundi la ngoma, mbina kama tunavyosema sisi, na wewe unajua mbina za kushindana zilivyo. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, huyu huku na yule kule, na watu wanahama kufuata panaponoga. Watu wakijaa kwako, umeshinda. Kwa hiyo kelele si mapambo, kelele ndiyo ushindi wenyewe. Na mchezaji akikukosha unaingia katikati, unamvika kanga au unamrushia miguuni. Huko ndiko kumtunza. Shangazi aliyajua hayo tangu tumboni mwa mama yake, na alipofahamu kwamba Kabula anashindana, akasema, "Mtoto wetu hawezi kushindana peke yake. Tunakwenda!"

Tukaenda na gari la kukodi. Kina mama sita, njuga miguuni, filimbi shingoni, na mimi msichana mbichi nimewekwa kama mkalimani kwa sababu Kabula alikuwa amenifundisha namna alama zinavyohesabiwa. Hilo ni la kwanza nakupa, mwanangu: jifunze kuhesabu kabla hujaenda. Usipojua alama utakaa juani siku nzima unageuza shingo kushoto na kulia, hujui wa kumpongeza wala wa kumpa pole.

Tulifika tumechelewa. Viti vya upande wenye kivuli vilikuwa vimeshajaa, na jua la Geita unalijua halina mgeni. Tena tulikwenda kwenye kiwanja kisicho chake, tukamshangilia mtoto wa watu kwa muda mrefu tukidhani ni Kabula kwa mbali. Usicheke! Wote wanavaa meupe. Wewe wahi, uliza kiwanja kipi na mchezo wa ngapi, na baadaye uulize tena kwa sababu ratiba hubadilika, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Beba kofia pana, maji, na viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Mkoba uwe mdogo, getini wanapekua kila kitu.

Getini ndipo mambo yalipoanzia. Mlinzi aliangalia njuga, akaangalia filimbi, akasema, "Shikamooni kina mama. Hivi haviingii."

"Marahaba," shangazi akajibu. "Haviingii kwa nini? Tumekuja kumshangilia mtoto."

"Humu watu wanakaa kimya, mama. Wanapiga makofi mpira ukiisha."

Shangazi akanigeukia. "Kimya? Mchezo gani huo? Hata msibani watu wanalia kwa sauti!"

Tukavua njuga zote, tukaziacha kwa mlinzi. Lakini kanga aliyojifunga mtu kiunoni nani ataivua? Tukaingia nazo.

Tulipokipata kiwanja chenyewe, Mungu alitupa viti vya mbele kabisa, karibu na reli, kwa sababu hakuna aliyevitaka, vilikuwa juani. Kabula alikuwa tayari anacheza fainali na msichana mmoja mrefu kutoka nchi jirani, ana mkono mzito, mpira wake ukigonga chini unatoa vumbi. Alipotuona Kabula hakutupungia mkono. Shangazi akaumia. Nikamwambia, "Shangazi, wakicheza hawapungi." Akaguna tu.

Kwa muda mrefu shangazi aliharibu kidogo kidogo. Yule mrefu alipokosea kuanzisha mpira, shangazi alipiga kigelegele, na uwanja mzima ukageuka kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanangu, kosa la mpinzani halishangiliwi. Mpira wa Sundi ukimshinda mwenzake, piga makofi. Mwenzake akijikosea mwenyewe, tulia. Na mwenzake akipiga mpira mzuri, mpigie na yeye, ndivyo wenye mchezo wanavyojuana. Halafu mama mmoja katika kundi letu akainuka kwenda msalani katikati ya mchezo, kanga nyekundu inapita mbele ya macho ya mtu anayetaka kupiga. Subiri wachezaji wabadilishane upande, wakikaa kunywa maji, ndipo na wewe unyanyuke. Na usile miwa! Tulikuwa na miwa. Ule mlio wa kutafuna ulisikika mpaka kwa mwamuzi aliyekaa kwenye kiti chake kirefu, nami nilimwona akikunja uso.

Siku hizi kuna simu pia. Izime. Usiseme umeiweka mtetemo, na wewe ulivyo na marafiki itatetemeka kama mashine ya kusaga kokoto kwa wachimbaji. Ukipiga picha, taa isiwake.

Nirudi kwa Kabula. Seti ya kwanza alichukua yeye, ya pili akachukua yule mrefu, ya tatu wakaenda bega kwa bega mpaka ikafika mahali nikamshika shangazi mkono. Nikamnong'oneza, "Alama moja tu. Akiipata hii, amemaliza, anakwenda Arusha."

Labda nisingesema. Maneno yale yalimwingia shangazi kama pombe.

Kabula alianzisha mpira, yule mrefu akaurudisha, wakapigiana weee, mimi sipumui. Kisha Kabula akaupeleka pembeni kabisa, kwenye kona, mbali. Kwa macho ya mtu wa ngoma, shughuli ilikuwa imekwisha. Shangazi akasimama, akafungua kanga yake mpya kiunoni, akapiga kelele, "Mayoo! Kabula, hiyo yako!" na kanga ikapaa juu ya reli, ikafunguka yote, ikatua uwanjani.

Lakini mpira ulikuwa bado mzima. Yule mrefu alikimbia, akaufikia kwa ncha ya raketi, ukarudi umelegea, unaelea juu kwa Kabula ambaye alikuwa anausubiri tu aupige, amalize. Mwamuzi akapiga ukelele wa kusimamisha. Kitu kimeingia uwanjani, alama haihesabiwi, inarudiwa.

Mwamuzi akasema kwa kipaza sauti kwamba watazamaji wasirushe kitu, na likirudiwa wahusika watatolewa nje. Watu wakatunyooshea vidole. Kina mama wenzetu wakainamisha vichwa. Shangazi yangu Minza, mwanamke ambaye watu walikuwa wakifunga safari kutoka Kagongwa kuja kumwona akicheza, alisimama pale bila kanga kiunoni, hajui akae au aondoke. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja. Nilidhani tumeshamrudisha mdogo wangu shambani kwa mikono yetu wenyewe.

Kabula ndiye aliyeiokota kanga. Angeweza kumwachia mtoto wa kuokota mipira, lakini alikwenda mwenyewe, akaikung'uta vumbi, akaikunja, akaja nayo mpaka kwenye reli. Jasho linamtiririka, macho mekundu. Nikasema moyoni, sasa atamtukana mtu mzima mbele za watu, na ana haki.

Akapiga goti. Pale pale kwenye uwanja, na raketi yake, mbele ya wageni wote wale, akapiga goti kama anavyomwamkia nyumbani, akampa kanga kwa mikono miwili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nitunze nikimaliza. Sijamaliza."

Akainuka, akarudi kwenye mstari wake.

Alama ile iliporudiwa, aliipoteza. Na iliyofuata akaipoteza pia, na yule mrefu akaanza kutabasamu. Mimi machozi yalikuwa yananitoka. Shangazi alikaa, akashika pindo la kanga kwa meno, akaling'ata hasa, mishipa ya shingo imemsimama. Nimewaona wanaume wakibeba magunia ya mawe kutoka kwenye mashimo huko Katoro, lakini sijapata kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile aliyofanya shangazi yangu ya kukaa kimya. Mpira ukikaribia mstari, mkono wake unanibana. Mpira ukitoka, ananiachia. Hakuna sauti iliyotoka kwake, wala pumzi kubwa.

Kabula akasawazisha. Akapata moja mbele. Wakapigiana tena, mpira ukaenda kwenye kona ile ile. Yule mrefu akakimbia, akanyoosha raketi, safari hii hakuufikia. Mpira ukadunda mara ya pili, ukagonga ukuta. Wachezaji wakaanza kutembea kwenda kwenye wavu kupeana mikono, na watu wakasimama wakipiga makofi.

Shangazi hakusimama. Alinigeukia, kanga bado iko kinywani, akaniuliza kama mtoto anayeomba ruhusa, "Bhebhe, wewe mtoto, amemaliza?"

Nikamwambia, "Amemaliza, shangazi."

Ndipo akaitoa kanga kinywani. Mwanangu, kigelegele kile sijakisikia tena mahali popote. Nadhani njuga zetu kule getini zilikiitikia. Wageni waliokuwa wanatunyooshea vidole wakacheka, na yule msichana mrefu naye akacheka huku analia. Kabula akaja mbio kwenye reli, shangazi akamvika kanga mabegani, imeloa mate na ina alama za meno, wakashikana pale wakilia wote wawili. Nyumbani baba alipoambiwa alikwenda ghalani, akaurudishia lipu ule ukuta uliokuwa umeharibiwa na mipira, akasema Kabula akirudi likizo asipigie kwenye matofali matupu.

Shangazi tumeshamzika, unakumbuka, ulikuwa mdogo. Lakini kila alipokwenda kumtazama Kabula baada ya siku ile, aliwahi kufika, alikaa kivulini, hakutafuna kitu, na kina mama wenzake wakichangamka kabla ya wakati aliwatuliza kwa jicho moja tu.

Basi haya ndiyo ninayokutuma nayo. Kofia, maji, tiketi uishike mpaka utoke, simu izime, kiti usikihame ovyo. Usipige kelele kwamba mpira umetoka, kazi hiyo ina wenyewe. Mpira ukikuangukia urudishe, si wako. Na Sundi akifika kwenye alama ile moja iliyobaki, nawe damu imekuchemka, ng'ata chochote ulicho nacho. Mtu anayepigana anahitaji kuachiwa nafasi na wale wanaompenda, tena hao kuliko maadui zake. Ukimpenda sana mtu unaweza kumwangusha kwa furaha yako, na hilo utalikuta hata nje ya tenisi: kwa mwanafunzi anayefanya mitihani, kwa mwenzako anayechumbia, kwa mtu aliyeanza biashara juzi na ndugu wameshamtangaza tajiri.

Sasa fungua lile kabati la chini, nyuma ya majora ya vitenge. Hapo. Ndiyo yenyewe, rangi imepauka, lakini ukiitazama pindoni alama za meno bado zipo. Kabula alinipa niitunze, akasema itakwenda kwa atakayejua wakati wa kuitoa. Ifunge kiunoni ukifika. Mungu akufikishe salama, akupe macho ya kuona na subira ya kukaa, mdogo wako ashinde au ashindwe akute uso wako umekunjuka. Na akimaliza, mwanangu, akishamaliza kabisa, inuka umtunze.