Mtani Haombwi Radhi

Mwaka ule nilikuwa mtaalamu wa mila za watu wasiokuwepo. Msicheke, ni kazi. Nilikuwa naandika riwaya ya taifa la kubuni, taifa la visiwani, na kwa kuwa chuoni nilisoma anthropolojia miaka mitatu kamili, nilijiona nina leseni ya kuunda binadamu. Niliwachorea koo zao, nikawapa miiko ya kula, nikawajengea vibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya maji. Mhariri wangu wa Dar akasisimka: "Hivyo vibanda umevitoa wapi?" Nikamjibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba ni ubunifu tu. Ubunifu gani? Lilikuwa dungu la bibi yangu kule delta, lile alilopanda kufukuza ndege na nguruwe kwenye mpunga. Nilichoongeza mimi ni jina gumu.

Kiburi changu hasa kilikuwa sura ya msiba. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Wanatukanana hadharani, wananyang'anyana vitu, na hakuna kununa. Mmoja akifa, aliyebaki huja msibani kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, roho zishuke. Nikaichukua mila hiyo nzima nzima, nikaivika majoho, nikaiwekea kanuni kumi na mbili. Katika riwaya mtani aliingia, watu wakacheka kwa zamu, machozi yakakauka, sura ikaisha. Safi kabisa, kama ratiba ya semina.

Kisha baba yangu akafa.

Baba alikuwa mkata mikoko wa delta aliyehamia Kibiti miguu yake ilipochoka na matope. Mtani wake mkubwa alikuwa binti wa mjomba wake, mama mmoja wa Mchukwi ambaye mimi namwita shangazi. Miaka yote alimwita baba "mume wangu asiye na faida," na baba akimwona kwa mbali alipaza sauti, "Ficheni vyungu, mlafi huyo!" Aliyecheka kuliko wote alikuwa mama yangu.

Siku ya maziko wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani kwenye mikeka. Mara shangazi akaingia. Amevaa kanzu ya baba, ile ya Ijumaa, niliyompigia pasi kwa mikono yangu Idi iliyopita. Kofia yake kichwani. Akapita katikati yetu akiburuta mguu wa kulia vile vile alivyouburuta marehemu, akasimama mbele ya mama. "We mwanamke, chakula kiko wapi? Huko nilikokwenda hawapiki!"

Wanawake wakaanza kucheka. Mama akainua uso. Na mimi, mwenye digrii, mwenye kanuni kumi na mbili, nikasimama nikapiga kelele: "Vua nguo ya baba yangu! Toka! Huna haya?"

Kicheko kikakatika. Shangazi alivua kanzu, akaikunja, akaiweka kwenye mkeka kwa adabu ambayo sikuwahi kumwona nayo, akatoka. Mtani akikufanyia adabu, ujue amekukata. Jirani mmoja akanong'ona, wala si kwa sauti ya chini sana, "Ndiko kusoma huko." Majuto ni mjukuu, wanasema, wangu alizaliwa papo hapo.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Aliinamisha uso tena, na sahani ya wali ilipoletwa akaisukuma. Kumbe kwetu tonge la kwanza la mjane hutoka mkononi mwa mtani wa mumewe. Humnyang'anya sahani, humtukana, humchekesha, kisha humlisha. Jambo hili, kwa taarifa yenu, halikuwemo katika kanuni zangu, kwa sababu sikuwahi kumuuliza mtu. Nilikuwa na shughuli nyingi za kubuni.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mama ni maji na chai ya rangi. Nikampikia kamba wa nazi. Akasema, "Nitakula, mwanangu," akanitazama kwa upole, hakula. Ana presha, na vidonge vyake havimezwi tumbo likiwa tupu. Siku ya tatu alipoinuka kwenda kutawadha, akashika ukuta. Nikaogopa, jamani. Nimemzika mmoja, sasa namuua wa pili kwa elimu yangu.

Nikapanda bodaboda kwenda Mchukwi. Njia nzima natunga hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na hitimisho. Nikawaza pia lile taifa langu. Kule hakuna aliyewahi kukosea mila. Walizijua wote, wakazifuata wote, kama wanafunzi wa bweni. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuijua mila, kuijazia kurasa, na siku ya siku ikamkwama kooni.

Nilimkuta shangazi uani anabangua korosho. Nikapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Mgeni! Heri angenitupia mchi. Nikaanza hotuba, sikumaliza hata utangulizi.

"Mtani haombwi radhi," alisema. "Radhi waombe watu baki. Babako hayupo, utani wake umeurithi wewe, na wewe umeukataa mbele ya watu. Nenda nyumbani."

"Mama hali, shangazi. Leo siku ya tatu. Anapepesuka."

Mikono yake ikasimama. Niliona anataka kuinuka na hawezi, maana mtu aliyefukuzwa hadharani hajirudishi mwenyewe. Ilibidi nimtukane. Mimi niliyewatungia watu wa visiwani kurasa sita za matusi ya utani, yenye vina na mizani, sikupata hata moja. Mwisho likatoka lenyewe, la Kibiti, halina vina wala nini:

"Basi kaa hapo na korosho zako, jizee lenye roho mbaya! Ndiyo maana baba akikuona unakuja alikuwa anajifungia chooni. Na amekufa makusudi, apate kukukimbia!"

Nilipofika kwenye neno hilo la mwisho nilikuwa nalia kwa sauti.

Shangazi alinitazama. "Ebo! Na sura hiyo ya babako, maskini, nani atakuoa?" Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akaingia ndani kuchukua mtandio wake.

Tulifika Kibiti baada ya alasiri. Mama alikuwa chumbani peke yake, sahani ya mchana imefunikwa kando yake. Shangazi akanizuia kwa mkono. Safari hii hakutaka kanzu wala kofia. Alisimama nje ya pazia, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba, kikavu, mara mbili, alichokitoa kila jioni kabla ya kuingia.

Mama akajibu upesi, bila kufikiri, "Pita, maji yako ya kuoga tayari."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na shangazi akaingia anafoka, "Mwanamke gani wewe, unamwandalia maji mume wangu?" Mimi sikuingia. Nilisimama pale nje ya pazia muda mrefu, nikisikiliza, mpaka mama akasema, mdomo umejaa, "Taratibu, nitapaliwa."