Fundi wa maabara alivyonisitiri siku tatu kabla ya kutetea utafiti wangu wa nano

Wakuu, heshima zenu.

Hii si chai ya kutunga, na aibu yake ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa namalizia masters ya fizikia hapa Mwanza. Utafiti wangu: nachoma pumba za mpunga kutoka Magu, napata silika, ile iliyomo kwenye mchanga, naisaga mpaka chembe za nano, zisizoonekana kwa macho, naipaka kwenye vioo vidogo, halafu naipiga mwanga wa UV nione inafanyaje.

Siku moja vioo vikang'aa bluu, kana kwamba silika yenyewe inatoa mwanga.

Supervisor akafurahi, akawatangazia wenzake. Mimi ndio usiseme. Mama yangu kule Kisesa nilishampigia kabisa kwamba kuna kitu nimegundua.

Zikabaki siku tatu nikatetee utafiti mbele ya jopo.

Fundi wa maabara yetu ni mama wa Kihaya, tunamwita Mama Koku. Ana diploma tu, ila amekaa na vile vifaa miaka na miaka. Mchana ule alisubiri wenzangu watoke kwenda kula, akafunga mlango na mapazia.

"Mwanangu, vioo vyako unavifutaga na nini?"

Nikamwonesha pindo la koti langu jeupe la maabara. Uvivu wakuu, tishu zilikuwa pale pale mezani.

Akachukua kioo kitupu, hakina silika kabisa, akakifuta na lile pindo. Akawasha taa ya UV.

Kikang'aa bluu ile ile. Koti nalo likawaka lote.

"Hiyo ni sabuni ya unga uliyofulia koti," akasema taratibu. "Ina dawa ya kung'arisha nguo."

Nikalivua lile koti pale pale.

Nikatengeneza vioo vingine, safari hii kwa tishu safi. Bluu hakuna.

Supervisor alinuna, ila akanipa ruhusa ya kuandika upya, na tarehe ya jopo ikasogezwa mbele. Matokeo yakawa madogo, lakini ya kweli.

Kwenye jopo, profesa mmoja aliyesoma habari za lile kosa kwenye ripoti yangu akauliza nililigunduaje. Wakuu, ulimi uliniwasha nijisifu.

Nikasema, "Sikuligundua mimi. Ni Mama Koku, fundi wetu."

Alikuwa nyuma anarekebisha projekta. Akainamia waya zake kama hajasikia.

Nilipita.

Nilichojifunza: wa kukukosoa wako wengi, wa kufunga mlango kwanza ndio wachache. Namshukuru sana yule mama.

Kama na wewe kuna aliyekusitiri hivyo, mtaje hapa chini angali hai.