Mkarafuu wa Ukutani

Katika ofisi moja ya serikali huko Konde, nilimkuta fundi rangi akichora nembo ya taifa ukutani. Miguuni pa yule mwanamume wa kwenye nembo akaweka mkarafuu, kama inavyotakiwa, ila umejaa maua yaliyochanua. Bibi mmoja, aliyefuata cheti cha kifo cha mumewe, akaunyooshea kidole.

"Mwanangu, karafuu ikishachanua haifai tena. Huchumwa ingali tumba."

"Bi mkubwa, hii picha tu."

"Mume wangu kaanguka mkarafuuni akiziwahi zisichanue."

Fundi akashusha brashi. Karani, bila kuinua uso, akamwambia bibi arudi Jumatatu.

Jumatatu nilipita. Rangi imekauka, maua yamechanua vile vile, na bibi kaketi chini yake anasubiri. Cheti chake kikitoka, juu kitakuwa na nembo.