Kisu Kisichokuwa na Mgongo

Mume wangu alifariki Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu ya mwaka 2023, katika nyumba yetu ya Kibaoni, mjini Ifakara. Arobaini yake tuliifanya Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Siku hiyo ukoo wake ulikaa sebuleni kwangu kugawa vitu vya marehemu, na kitu cha mwisho kuwekwa juu ya meza kilikuwa kisu cha vita.

Kisu hicho kilikuwa na ala ya ngozi nyeusi na makali pande zote mbili. Kisu cha jikoni kina mgongo, mahali ambapo kidole gumba hutulia mtu anapokandamiza. Hiki hakikuwa nao. Mwaka 1983, nikiwa bado mgeni wa tabia za nyumba ile, nilikichukua ili nimpasue kambale aliyeletwa kutoka Lupiro. Kwa mazoea nikaweka gumba palipopaswa kuwa na mgongo, nikajikata hadi kwenye mfupa. Mume wangu hakukitazama kidole kwanza. Alikichukua kisu, akakifuta, akamtupa kambale mzima kwenye shimo la taka. Ndipo akanifunga kidole kwa kitambaa.

“Hiki si cha chakula,” alisema. “Kiliundwa kiingie na kutoka. Hakina kazi nyingine.”

Alikuwa amerudi nacho kutoka vita vya Kagera, mwaka 1979, alikokwenda akiwa mgambo. Bunduki aliyopewa aliirudisha pamoja na singe yake, lakini kisu hiki kilikuja ndani ya mfuko wake wa nguo. Nduguze aliwaambia kwamba alikiokota katika ghala lililokimbiwa na adui, na kwamba yeye vitani alibeba tu masanduku ya risasi na magunia ya unga. Walimtania kwa hilo maisha yake yote. Mdogo wake alimwita askari wa sufuria. Naye alicheka pamoja nao. Kila kiangazi alikishusha kisu kutoka darini, akakipaka mafuta, akakifunga tena katika kipande cha turubai.

Katika ukoo wao, silaha ya mwanamume haigawiwi kama shati. Anayeipokea ndiye anayekalia nafasi yake: huisimamia nyumba, hupanga nani alime wapi, na mjane humwomba ruhusa. Zamani silaha hiyo ilikuwa mkuki. Mume wangu hakuwa na mkuki, na Mungu alitupa mabinti wawili bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo kisu kilikuwa kinakwenda kwa mdogo wake, na pamoja nacho nyumba hii na ekari tatu za mpunga. Mimi niliyaanza masomo ya watu wazima mwaka 1992, nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2004 nikiwa mtu mzima kati ya watoto, na kila bati la nyumba hii lilitokana na mpunga nilioupanda kwa mikono yangu. Nilijua kuwa sheria ingenisikiliza. Nilijua pia kwamba kesi huchukua miaka, na ukoo huhamia kwa jioni moja.

“Shemeji, usininunie,” alisema mdogo wa marehemu, huku akivuta kiti karibu na meza. “Mimi ni mume wako mdogo tangu siku uliyoletwa. Ni padri tu ndiye hajaambiwa.”

Watu wakacheka. Hata mimi, siku nyingine, ningecheka. Hakuwa mtu mbaya.

“Nitahamia chumba cha mbele,” aliendelea. “Mpangaji aliyemo atafute kwingine. Shamba niachie mimi. Wewe pumzika, usome magazeti yako.”

“Na nikikataa?”

“Utakikataaje kisu, mama msomi? Chenyewe hakijui kusoma.”

Shangazi yao, dada wa baba yao na mkubwa wa ukoo, aligonga fimbo sakafuni. “Chukua, mwanangu, tumalize. Mvua inaongezeka.”

Akanyoosha mkono. Nikasema, “Kabla hujakishika, jua kilikotoka.”

Nikawasimulia niliyosimuliwa na mume wangu mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka 1998, wakati wa mafuriko, tulipokaa kutwa nzima juu ya dungu la shambani tukisubiri maji yapungue. Huko Uganda alijitenga na wenzake, akamkuta askari wa adui, kijana, ameegemea mgomba, paja limevunjika. Kijana alimwita kaka. Aliomba maji kwa Kiswahili, kwa maana jeshi lao nalo lilizungumza Kiswahili, na mume wangu akampa ya kwenye chupa yake. Kisha sauti za watu zikasikika ng’ambo ya migomba, si za wenzake. “Alifungua kinywa,” mume wangu aliniambia. “Mpaka leo sijui kama alitaka kuita au kushukuru.” Kisu kilikuwa kiunoni mwa kijana. Mume wangu alikichomoa na kumchoma nacho.

Nilipomaliza, mkono wa shemeji ulikuwa umerudi mapajani.

“Na aliporudi,” Shangazi aliuliza polepole, “nani alimwogesha?”

Sikumwelewa mara moja. Kwao, aliyemuua mtu kwa chuma hatakiwi kulala chini ya paa la mama yake kabla hajaogeshwa kwa dawa mtoni. Nililijua hilo kama desturi. Sikuwa nimelifikiria kama swali.

“Hakuna,” nilijibu. “Aliwaambia kwamba alikiokota.”

“Alirudi mwezi wa tisa,” alisema yule bibi. “Akalala kwa mama yake. Mama yake tulimzika kabla ya Krismasi.”

Nilimwona shemeji akimgeukia shangazi yake, kisha akinigeukia mimi, uso umemlegea kama wa mtoto. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama aliyezikwa alikuwa mama yake. Nilikuwa nimefungua kinywa ili nikiokoe kitanda changu na shamba langu, na papo hapo, mbele ya macho yangu, mume wangu alikuwa amegeuka kuwa mtu aliyemuua mama yake mzazi.

Waliondoka bila kula. Shangazi alikifunika kisu kwa ungo wangu ili mkono wa mtu usikiguse. Nyumba ilibaki yangu, na hakuna aliyeiulizia tena.

Kaburi hujengewa ardhi ikishakauka. Nilichagua tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kwa kuwa mume wangu alikwenda vitani, na nikapeleka taarifa kwa ukoo wake huko Lupiro wiki mbili kabla. Vijana wa ukoo hawakuja. Mabinti zangu walibeba maji, mimi nikachanganya saruji kwa jembe. Saa nne hivi pikipiki ilisimama barabarani. Shemeji alishuka na sepeto, akasimama nje ya ua wa makaburi.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Ingia.”

Hakuingia. “Nimeleta sepeto. Jembe halifai kwa saruji.” Akaliegemeza kwenye ua. Nilipolifuata, aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mama alikuwa anaumwa tayari kabla kaka hajarudi, sivyo? Nakumbuka kama alikuwa anakohoa. Wewe kaka alikwambia nini?”

Niliona alichotaka. Neno moja, ndiyo, lingemtosha, na lingemsafisha mume wangu pia. Lakini mimi niliolewa tarehe 6 Juni 1981, na juu ya kifo cha mama yake mume wangu hakuwahi kuniambia lolote.

“Sijui, shemeji,” nilisema. “Sikuwepo.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei, akawasha pikipiki. Nililichukua sepeto, nikarudi kwa mabinti zangu, kwa maana saruji ilikuwa imeanza kuganda.