Siku Niliyoshona Nyanya Kitengela

Chekeni tu, wenzangu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka mbavu zimechoka, lakini mjue siku ile nilitamani udongo wetu wa Kitengela, huu mweusi unaopasuka kiangazi, upasuke kidogo zaidi unimeze mzima mzima. Mtu mzima na akili zangu, mama wa watoto wawili, nilichukua sindano na uzi nikashona nyanya kwenye miche. Wacha niwaeleze ilivyofika hapo.

Mimi ni fundi wa nguo, na nyuma ya nyumba niko na kashamba kadogo ka miche ishirini ya nyanya. Ishirini tu, lakini mngenisikia kwenye simu mngedhani ninalisha kaunti. Tuko na grupu ya akina mama wanaopanda mboga nyumbani, na kila asubuhi kabla sijanywa chai nilikuwa natuma kitu nilichokiita Habari za Nyanya, kwamba nyanya na managu, yaani mnavu, ni watu wa ukoo mmoja, kwamba ukizika shina la mche mpaka karibu na majani linatoa mizizi mipya, kwamba nyanya mbichi ukiziweka pamoja na ndizi mbivu zinaiva upesi, kwamba maua ukiyatikisa kidogo asubuhi yanashika vizuri. (Yote ni kweli, msiniangalie hivyo.) Wakaanza kuniita Mwalimu, nami sikukataa, nani hukataa cheo cha bure.

Lakini tuseme ukweli, zile habari sikuwa nawatumia wao. Nilikuwa namtumia mtu mmoja, mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Yeyo anaishi Loitokitok, ana shamba la nyanya linalonyweshwa na mfereji wa maji ya mlimani, na malori huja kupakia mpaka langoni kwake. Mimi ni msichana wa Murang'a niliyeolewa boma lake miaka minne iliyopita, na katika miaka hiyo hajawahi kunisema vibaya hata siku moja, lakini pia hajawahi kunisifu. Nikipika anakula, nikimshonea nguo anavaa, anasema haya, basi. Nilimwingiza kwenye grupu ili aone kwamba mke wa mtoto wake anajua udongo, naye akawa anasoma kila kitu na hajibu chochote. Iliniuma, sitadanganya.

Siku moja akanipigia simu kuuliza kama nyanya zangu zimeshika. Sasa hapo ndipo ningesema ukweli, kwamba zimeshika lakini zinaoza, kila tunda likikaribia kuiva kitako kinakuwa cheusi kama limekalia makaa. Badala yake mdomo wangu ukasema zimejaa, Yeyo, mpaka miche inainama. Akasema basi Jumamosi anakuja kuzibariki, na niwaite wale wamama wa grupu, kwa sababu baraka haiwi ya mtu mmoja.

Ijumaa nikang'oa zote zilizooza, na nilipomaliza miche ilikuwa na majani tu, majani mazuri ajabu lakini majani. Nikaenda sokoni nikanunua ndoo moja ya nyanya nyekundu. Nilikuwa nimepanga kuzifunga, lakini nyanya za sokoni hazina vikonyo, utafunga wapi? Ndio ufundi ukanijia. Jumamosi kulipokucha nikatoa uzi wa kijani, ule niliobakisha nikishona yunifomu, nikawa napitisha sindano juu ya nyanya, nafunga fundo, nashikiza kwenye tawi. Bwanangu alitoka na mswaki mdomoni, akaniangalia, akarudi ndani.

Saa nne wageni wakafika, wamama tisa wamejipamba, na Yeyo katikati na shanga zake na kibuyu cha maziwa. Nikamsalimu, "Takwenya, Yeyo," akaitika, "Iko," na macho yake tayari yako shambani. Wamama wakapiga picha. Jirani yangu Mama Brayo akasema hajawahi kuona nyanya zimeiva zote siku moja hivi, nami (Mungu anisamehe) nikasema siri ni kuyatikisa maua. Yeyo alikuwa anapita mche kwa mche, polepole, mikono nyuma. Alisimama mbele ya mmoja muda mrefu, akaangalia, akasonga. Nikajiambia amefurahi.

Kisha akang'oa nyasi, akazichovya kwenye maziwa, akaanza kurusha juu ya miche akiomba kwa Kimaasai, na kila akimaliza sentensi sisi tunaitikia "Naai," yaani Ee Mungu, kwa sauti moja. Jua lilikuwa limeshapanda. Na nyanya iliyotobolewa, wenzangu, hii Habari ya Nyanya hamkuwahi kuipata kwangu, ikipigwa na jua inalainika pale pale penye tundu. Naai ya tatu nikasikia pu. Ya nne, pu, pu. Mama mmoja akanong'ona kwamba hizo ni nguvu za maombi. Nikaitikia kwa sauti kubwa zaidi ili kufunika, na nikiitikia zinaanguka, pu, mpaka moja ikabingirika taratibu ikaenda kusimama kwenye kidole cha mguu cha Yeyo.

Akainama akaiokota. Uzi wa kijani ulikuwa unaning'inia. Akauvuta, akaangalia fundo.

"Njeri," akasema, "mti moja imezaa nyanya ndefu na ile ya mviringo. Mimi nimelima miaka mingi, hiyo sijaona."

Akaninyooshea ule uzi.

"Hii umefunga ama umeshona?"

"Nimeshona, Yeyo."

Akaigeuza tena ile nyanya karibu na macho. "Umeshona vizuri," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu ya kwanza katika miaka minne. Nikaanza kulia, na nikilia nikasikia mtu anacheka, na alikuwa yeye, anacheka mpaka shanga zinalia, mpaka Mama Brayo akamshika asianguke, na wamama wote wakaangua kicheko na mimi nikajikuta nacheka na makamasi. Alipotulia nikamweleza zinavyooza na ninavyonyesha, akaomba kuona maji. Akachovya kidole kwenye tangi, akaonja, akatema. Akasema ni maji ya chumvi, tena mimi leo namwaga ndoo tatu na kesho sahau, kwa hivyo kitako lazima kioze, nikinge ya mvua na ninyeshe kidogo kidogo kila siku. Nikamwuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Wewe ulikuwa unafundisha kila siku. Ningeingilia wapi? Ulikuwa uulize tu, entito ai." Maana yake ni binti yangu.

Zilizoanguka tulikata kachumbari tukala na nyama, kila mtu akitoa uzi mdomoni. Yeyo akakaa wiki mbili, tukachimba, tukatandaza nyasi kavu, na nikamwuliza maswali mpaka akachoka. Kwenye grupu nimeacha ualimu, siku hizi ikioza naiposti ikiwa imeoza, na nimeapa mkono ukiwa juu ya cherehani kwamba sitashona tena kitu kisichovaliwa.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda naye sokoni Loitokitok. Mwanamke nisiyemjua, muuza kreti za nyanya, akaniangalia, akamwuliza Yeyo kama mimi ndiye yule aliyeshona nyanya. Nilikuwa tayari kukimbia. Yeyo akanishika mkono mbele ya soko zima, akasema, "Ndio huyu. Ni wangu."