Keti, Wewe Si Mgeni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipoamriwa niketi mbele ya kanisa zima, na tangu siku hiyo sijapata kukaribishwa vizuri zaidi.

Uliponiambia juzi kwamba umeyachoka makanisa, kwamba wanakuchekea mlangoni na wiki ijayo hawakujui, sikukulaumu. Mimi nikiwa msichana nilikuwa mbishi kuliko wewe. Nilitoka chuo kikuu katika miaka ya tisini, nikapata kazi ya ofisini bandarini Mombasa, nikapanga chumba Mji wa Kale, ghorofani kwa Bi Zuhura. Nilikuwa na swali moja nililotoka nalo nyumbani Taita. Mama yangu aliugua, kanisa letu likamwombea kwa kufunga na kwa machozi, akafa. Nilipouliza kwa nini, mzee wa kanisa alinijibu pale pale kaburini: "Imani yenu ilikuwa haba." Nikaliacha kanisa lile. Mungu mwenyewe sikuweza kumwacha; nadhani nilikuwa bado nataka kugombana naye.

Basi kila Jumapili niliingia kanisa jipya. Wakati ule vijana walikuwa wameanzisha makanisa ya magitaa na vinanda vya umeme, katika kumbi za kukodi, na nilipenda kwamba hakuna aliyenikagua viatu. Unaijua desturi yetu: "Wageni wetu wasimame tuwaone." Nilikuwa hodari wa kusimama. Nilitaja jina, nikaleta salamu za Taita, nikapigiwa makofi, nikaimbiwa, nikapewa soda na biskuti baada ya ibada. Kisha nikahamia kwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mimi sikukaa hata mtu mmoja akapona, wala mimi mwenyewe. Mgeni haulizwi kitu kigumu, naye hamuulizi mtu. Hivyo nikalizungusha swali langu kutoka Makadara mpaka Tononoka bila kulitua.

Bi Zuhura alikuwa akiniona. Alikuwa Mwislamu, mjane, mzaliwa wa nyumba ile ile, mkali wa maneno na mwepesi wa kutoa. Jumapili hiyo aliniita nile mahamri na mbaazi kabla ya kutoka.

"Leo waenda kuwa mgeni wa nani?"

"Bado nafikiri, Bi Zuhura. Wiki mbili hizi nimekwenda Tononoka, kuna kanisa kwenye ukumbi wa shule. Leo nataka kujaribu jingine."

"Hilo la Tononoka lina kasoro gani?"

Nikafikiri. "Sijaiona bado."

"Basi wakimbia kabla hujaiona!" Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ya tatu ikikaribia, wahama. Waogopa jembe?"

Nikamweleza, kwa maneno ya chuo kikuu, kwamba natafuta mahali panapostahimili maswali. Alinisikiliza huku akinimiminia chai.

"Na hilo swali lako umemuuliza nani?"

Nikatafuna hamri.

"Mimi dini yako siijui," akasema, "lakini nyumba naijua. Nyumba usiyoifagia haiwi yako, hata wakupigie vigelegele mlangoni. Haya, inuka, utachelewa."

Nikaenda Tononoka nimenuna. Mlangoni pale alisimama siku zote Mama Dama, mkaribishaji, mwanamke wa Kigiriama mwenye mabega mapana na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Wageni walipoitwa, miguu yangu ikasimama yenyewe kwa mazoea. Nikafungua kinywa.

"Wewe keti!" Mama Dama akaita kutoka nyuma. "Wiki jana ulisimama, wiki juzi ulisimama, soda zetu umekunywa. Keti, wewe si mgeni!"

Ukumbi ukaangua kicheko, mchungaji naye. Niliketi uso ukiniwaka. Ningetoka, mwanangu, naapa ningetoka na nisingeingia kanisani tena. Lakini mlango wenyewe ulikuwa Mama Dama, na palikuwa hapapitiki.

Baada ya ibada wageni walikwenda kunywa soda. Mimi Mama Dama alinishika mkono. Mabenchi yalikuwa ya shule, na ilibidi yarudishwe madarasani.

"Shika upande huo."

Tukabeba la kwanza. Tulipokuwa na la pili, swali likanitoka, safari hii bila maneno ya chuo kikuu: "Mbona mama yangu aliombewa akafa?"

Akatua upande wake, nami nikatua wangu. "Mchungaji!" akaita. "Njoo, hili lako."

Mchungaji, kijana aliyenizidi umri kidogo tu, alikuja na benchi begani. Nikajiandaa. Majibu yao yote niliyajua, na kila moja nilikuwa na la kulikata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mama yangu aliitwa nani, nikamwambia. Kisha akasema, "Sijui, dada yangu. Hata la baba yangu, aliyeombewa akafa vilevile, bado sijalipata jibu."

Hilo sikuwa nimeliandalia neno. Nikakaa juu ya benchi nikalia, nao wakakaa, mmoja huku, mmoja kule. Hakuna aliyetaja imani yangu. Nilipotulia, Mama Dama akanipa kitambaa chake. "Pole, mwanangu. Jumapili uje mapema. Kuyapanga ni kazi kuliko kuyarudisha."

Niliporudi, Bi Zuhura aliitazama mikono yangu iliyojaa vumbi. "Alhamdulillahi," akasema. "Wamekupa jembe."

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo. Usiache kuuliza, asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi swali lile ninalo mpaka leo. Lakini usilipime kanisa kwa makofi ya siku ya kwanza. Rudi. Kaa mpaka mabenchi yanapobebwa, ushike upande mmoja, kisha uulize swali lako lenyewe, si lile la kuonyesha umesoma. Wakikuambia imani yako ni haba, washukuru kwa soda, uende zako. Wakikuambia hawajui, na wakaketi nawe, weka mkoba wako chini. Umefika.

Mungu, ambaye mimi naye tungali tunagombana na kupatana, akufikishe kwenye mlango wa watu watakaokukemea kwa mapenzi. Akupe kazi inayokutosha mikono, na mwenzako wa kushika upande wa pili. Amina, mwanangu.